Boma la Wakiwa: Karema na Historia ya Nyumba za Maskini

Kiswahili hakikuwa bahili katika kumtaja mtu asiye na kitu. Lugha hii ina maskini na fukara, maneno yaliyovuka bahari kutoka Uarabuni pamoja na mafunzo ya zaka na sadaka. Ina mkata, ambaye washairi wa mwambao wamemtungia beti nyingi kuliko walivyowatungia matajiri. Ina hohehahe, na ina mnyonge. Nyuma ya wote hao amesimama mkiwa: mtu aliyebaki peke yake, aliyefiwa au aliyeachwa, asiye na wa kumwambia “huyu wetu”. Anayeipima maana ya maneno haya kwa uangalifu ataona kwamba mkata amekosa mali, ilhali mkiwa amekosa watu. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa historia ya nyumba za maskini katika vijiji vya Afrika Mashariki, na hapana mahali inapodhihirika zaidi kuliko Karema, katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi.

Mwanahistoria Mwingereza John Iliffe alitoa mwaka 1987 kitabu kikubwa juu ya maskini wa Afrika. Hoja yake ya msingi ni nyepesi kuieleza, ingawa ilichelewa kuelezwa. Katika nchi za Ulaya zilizojaa watu, maskini alikuwa mtu asiye na ardhi. Katika sehemu kubwa ya Afrika ardhi ilikuwa tele, na aliyekosa riziki ni yule aliyekosa mikono ya kuilima: mzee asiye na watoto, mjane asiye na kaka, yatima, kipofu, mwenye ukoma, mgeni aliyetengwa na ukoo wake. Yaani, kwa lugha yetu, umaskini wa shamba ni ukiwa.

Nchi ya Katavi inaithibitisha hoja hiyo. Ni nchi ya miombo, ya mabonde ya maji na mbuga pana, iliyokaliwa na Wabende, Watongwe, Wapimbwe, Wakonongo na jirani zao Wafipa. Hapakuwa na mtu aliyekatazwa kulima kwa sababu ardhi imekwisha. Hata hivyo, katika robo ya mwisho ya karne ya 19, ufuko ule ulijaa watu wasiokuwa na pa kulala. Misafara ya pembe na ya watumwa ilipita kati ya ziwa, Tabora na pwani. Vita vya Mirambo, aliyefariki 1884, na vya watawala waliomfuata viliwaacha rugaruga wakizunguka na bunduki, wakiishi kwa kuteka. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa Mpimbwe katika mapigano yasiyokuwa yao. Ikiwa wageni wenye silaha walikufa hivyo, msomaji na akadirie hali ya mtoto aliyepotezana na mama yake njiani.

Boma la Karema halikujengwa kwa ajili ya wakiwa. Lilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji, kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo ambacho Mfalme Leopold wa Pili alikivisha joho la sayansi na huruma kabla dunia haijamjua vizuri. Lilikuwa na kuta nene za udongo, na lilielekea maji. Baada ya muda mfupi maji yenyewe yakaanza kulikimbia, kwa sababu katika miaka hiyo ziwa lilikuwa limefungua njia yake ya Mto Lukuga upande wa magharibi na kuanza kushuka, na ngome iliyotarajiwa kuwa bandari ikabaki inatazama mchanga. Mwaka 1885 Leopold alikwisha kupata nchi yake ya Kongo kwa idhini ya mataifa ya Ulaya, na kituo cha mashariki ya ziwa hakikuwa na faida kwake tena. Kapteni Émile Storms alilikabidhi boma hilo, pamoja na kituo cha Mpala ng’ambo ya pili, kwa Mapadri Weupe, shirika lililoundwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie.

Hapo ndipo boma la askari lilipogeuka kuwa nyumba ya wasio na jamaa. Mapadri walikuwa na mpango. Lavigerie aliamini kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe waliolelewa tangu utotoni, na aliota milki ya Kikristo katikati ya bara, yenye ulinzi wake. Kwa hiyo mapadri walinunua watoto kutoka kwenye misafara. Neno lao lilikuwa kukomboa, na fedha ya ukombozi ilikuwa nguo, bidhaa iliyotumika karibu kila mahali katika biashara ile. Mbweni ya Unguja, Bagamoyo, na Freretown ya Mombasa iliyoanzishwa 1875, zote zilikuwa na vijiji vya walioachiliwa, na msomaji wa pwani anavijua. Lakini wengi wa watu wa Mbweni na Freretown waliletwa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi baharini. Karema haikuwa na manowari. Mkombozi alikwenda sokoni kama mnunuzi mwingine, akapatana bei, akalipa. Tofauti yake na wanunuzi wengine ilianza baada ya malipo, na suala la ukubwa wa tofauti hiyo ndilo kiini cha habari yenyewe.

Mtoto aliyeingia bomani alipata chakula, nguo, na mahali pa kulala ambapo hakuna aliyeweza kumwiba usiku. Jambo hili lisidharauliwe. Katika nchi ile na miaka ile, ukuta ulikuwa ndio uhai. Alipata pia kengele ya kumwamsha, saa za sala, saa za mafunzo na saa za shamba, kwa sababu kituo kilijilisha kwa mikono ya wanawe. Alipata jina jipya siku ya ubatizo. Alipokua, alioa au kuolewa na mwenzake wa bomani, na wawili hao wakapewa kiwanja na shamba katika kijiji kilichozunguka kituo. Katika ndoa za nchi ile, ukoo mmoja hukaa na ukoo mwingine, mahari yakapita mkono, wazee wakashuhudia. Kwa wana wa boma, padri ndiye aliyesimama mahali pa ukoo wa mume na mahali pa ukoo wa mke pia. Yeye alikuwa baba wa pande mbili, na zaidi ya hayo alikuwa hakimu, na kwa miaka kadhaa alikuwa kama chifu.

Hapo pana neema na pana mtego. Mtumwa wa kawaida katika nchi za ziwa aliweza, baada ya miaka, kumezwa na ukoo wa bwana wake. Alipooa au kuzaa, wajukuu wake walihesabiwa kuwa watu wa nyumba, ingawa vinong’ono vya asili yao havikufa. Mkombolewa wa misheni alikuwa huru kwa jina tangu siku ya kwanza, lakini ukoo wake mpya ulikuwa wa mapadri wasiooa wala kuzaa. Hakuwa na mjomba wa kumkimbilia alipogombana na baba. Aliyeondoka kijijini bila ruhusa alihesabika kuwa mtoro, na aliyebaki alibaki mwana hata alipoota mvi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo humpa mgeni jembe ili aache kuwa mgeni. Bomani jembe lilitolewa siku ya kwanza, na ugeni ukaendelea.

Wasichana walibeba sehemu nzito zaidi. Mwanamke asiye na kaka wala baba hakuwa na mtu wa kumrudia ndoa ikimshinda, na katika vita vya rugaruga wanawake na watoto ndio waliotekwa zaidi. Katikati ya miaka ya 1890 walifika Karema watawa wa shirika la Masista Weupe, na nyumba ya wasichana ikapata walezi wa kike. Chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza jimbo lile kwa zaidi ya miaka 20 hadi kifo chake mwaka 1917, likazaliwa pia shirika la watawa Waafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Kwa mkiwa, utawa ulikuwa na maana nyingine zaidi ya ibada: ni mara ya kwanza mwanamke asiye na ukoo kupata dada ambao hawangeweza kumkana.

Kati ya wote waliokaa Karema, mmoja tu ndiye aliyepata kueleza maisha yake mwenyewe na kusikika mbali. Naye hakuwa mtu wa ziwa. Adrien Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Walimpeleka kisiwa cha Malta kusomea utabibu, na mwaka 1888 akaanza safari ya Afrika Mashariki. Alifika Karema mwanzoni mwa 1889, kijana mwenye ujuzi wa daktari na cheo cha katekista, asiyejua neno la lugha za nchi, mweusi miongoni mwa weusi na mgeni kwa kila mmoja wao.

Atiman alikaa Karema miaka 67. Aliwatibu majeruhi wa vita, wagonjwa wa ndui, akina mama waliokwama katika uzazi, na watoto wa wale walioletwa wakiwa watoto. Alijifunza dawa za waganga wa nchi na kuzitumia pamoja na zile alizofundishwa Malta, jambo ambalo madaktari wengi wa zama zake wasingelikubali. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa nchi ile, na mwana wao Joseph akapata upadri mwaka 1923. Masimulizi yake yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na akafariki mwaka 1956, miaka 5 kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Wapo wanaomsoma Atiman kama ushahidi kwamba mpango wa Lavigerie ulifaulu. Hapana shaka mtu yule alikuwa mkubwa. Lakini tukiyatazama maisha yake kwa jicho la historia ya wakiwa, jambo moja linajitokeza. Misheni ilimpa elimu na kazi, na kwa ndoa akapata wakwe, shemeji, na hatimaye mwana. Kupitia Agnes Wansahira, mtu wa Niger akawa mtu wa Karema. Kwa njia kama hiyo Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuja kuvilinda vituo vya misheni ng’ambo ya ziwa, alimwoa Agnes Atakaye mwaka 1888 na kubaki huko mpaka kufa kwake mwaka 1927. Hata mlinzi wa ngome alihitaji ukoo.

Wengine wote, wale mamia ambao hawakuandika, wamebaki katika vitabu vya parokia. Ni desturi ya Kanisa Katoliki kuandika ubatizo, ndoa na mazishi ya kila muumini, na hivyo mtoto aliyenunuliwa kwa mikono kadhaa ya kitambaa ana mstari wake, wakati wafalme wengi wa nchi ile hawana. Lakini mstari huo huanza na jina alilopewa. Jina alilokuja nalo, la mama yake na la kijiji chake, aghalabu halikuwa na mahali pa kukaa katika safu za kitabu. Mshairi anajua uzito wa jambo hili: mtu asiyeweza kutajwa kwa jina la nasaba hawezi kuingia katika sifa wala katika maombolezo ya kikwao.

Biashara ya watumwa ilipokoma, vijiji vya wakombolewa havikufungwa. Utawala wa Kijerumani uliofika ziwani baada ya mapatano ya 1890 haukuufuta utumwa wenyewe. Uliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwisho wa 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilitoka chini ya Waingereza mwaka 1922. Katika miaka hiyo ya kati, waliohitaji ukuta walibadilika. Wakaja yatima wa njaa na wa ndui, wajane, na wazee. Wenyeji nao wakajifunza namna ya kuitumia misheni. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha 2006 juu ya familia za Wafipa, ameonyesha kwamba wazazi hawakuwaachia wamisionari watoto wao moja kwa moja: waliuingiza ulezi wa misheni katika desturi zao za kulea, ambamo mtoto hukaa kwa bibi, kwa mjomba, kwa jirani, kisha hurudi. Mwenye jamaa aliitumia nyumba ya mapadri kama nyumba moja miongoni mwa nyumba nyingi. Mkiwa peke yake ndiye aliyekuwa na nyumba hiyo tu.

Serikali ya Kiingereza haikupenda kujenga nyumba za maskini vijijini. Kisa chake kilikuwa imani, nayo ilikuwa imani ya bei nafuu, kwamba Mwafrika hutunzwa na ukoo wake, na kwamba nyumba ya maskini ingeuvunja ukoo huo. Imani hiyo ina ukweli kwa walio wengi. Kasoro yake ni kwamba maskini wa kweli ndiye hasa aliye nje yake. Na serikali hiyo hiyo iliyousifu ukoo haikusita kuwahamisha watu. Kuanzia miaka ya 1920, kwa sababu ya malale yanayoenezwa na ndorobo, wakazi wa sehemu kubwa ya magharibi, Mpanda ikiwemo, waliondolewa katika vitongoji vyao vilivyotawanyika na kukusanywa katika makazi makubwa. Maradhi yalipungua. Vitongoji viliachiwa pori, na pamoja navyo makaburi na miti ya matambiko. Kisha ikaja migodi. Madini ya risasi ya Mpanda yaliletewa tawi la reli kutoka Kaliua, lililofunguliwa mwaka 1950, na vibarua wakaja kutoka mbali. Miaka kumi baadaye mgodi mkubwa ukafungwa.

Visiwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mji wa Unguja ulikuwa na wakfu, na matajiri kadhaa waliweka wakfu nyumba kwa ajili ya maskini, wakiwemo waliokuwa watumwa wao na vizazi vyao. Huu ulikuwa mkono wa hisani na pia mkono wa kuendelea kushika. Aliyekosa hata mlango huo alipelekwa Welezo, nje ya mji, ambako nyumba ya maskini ilianzishwa na misheni ya Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, ikaendeshwa kwa ruzuku ya serikali. Amri ya 1897 iliufuta utumwa Unguja na Pemba, lakini haikumpa mzee wa miaka 70 watoto aliokatazwa kuwa nao. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliufanya utunzaji wa wazee kuwa jambo la dola, na majina ya Sebleni na Welezo yakaingia katika lugha ya kila siku. Karema na Welezo, moja bara na moja kisiwani, zilijibu swali lile lile: nani atamzika asiye na mtu?

Azimio la Arusha la 1967 lilipotangaza kwamba kila mtu afanye kazi, liliwatoa katika sharti hilo watoto wadogo, vilema na wazee waliochoka. Kwa maneno mengine, Taifa lilijitangaza kuwa ukoo wa wasioweza kulima. Utekelezaji wake unaonekana katika makazi ya wazee na wasiojiweza yaliyotawanyika Tanzania Bara, kama vile Nunge ya Dar es Salaam, Kolandoto ya Shinyanga na Sukamahela ya Singida. Historia ya kadhaa kati ya makazi hayo inaanzia kwenye ukoma. Wagonjwa walitengwa na jamii, dawa ikapatikana, wakapona, na wakakuta kwamba waliowatenga hawakuwangoja. Ugonjwa uliondoka, ukiwa ukabaki. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema kwamba familia ndiyo mlezi wa kwanza wa mzee, na makazi ni kimbilio la mwisho. Kauli hiyo ni ya haki, nayo inarithi swali ambalo Waingereza walilikwepa.

Katavi yenyewe, iliyokuwa mkoa kamili mwaka 2012, iliendelea kupokea watu waliopoteza kwao. Wakimbizi wa mauaji ya Burundi ya 1972 walipewa misitu ya Katumba mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978. Walifyeka, walilima, wakawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chakula wa nchi ile. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba watu wapatao 162,000 kutoka makazi ya wakimbizi wale, pamoja na Ulyankulu ya Tabora, wamepata uraia wa Tanzania. Hawakuwa maskini wa boma, kwa kuwa walikuja na koo zao, na kwa sababu hiyo waliweza kufanya kwa miaka michache kile ambacho mtoto wa Karema wa 1890 hakukiweza maisha yake yote. Walikuja mikono mitupu, yaani wakata. Hawakuwa wakiwa.

Tofauti hiyo ndogo ya maneno inastahili kukumbukwa kila panapojengwa nyumba ya kuwasitiri wanyonge. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kulipa pensheni jamii kwa kila mkazi aliyefikia miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia. Fedha kidogo hizo zina fadhila ambayo ukuta hauna: humkuta mzee nyumbani kwake, na humpa kitu cha kuweka mkononi mwa mjukuu, ili mjukuu aje tena kesho. Zinaulinda ukoo uliopo. Kwa asiye na mjukuu, bado inahitajika nyumba, na ndani yake mtu wa kumwita kwa jina alilopewa na mama yake.

Karema leo ina kanisa lake kubwa la kale na bandari mpya. Vizazi vya wakombolewa vimechanganyika na Wabende na Wafipa, na wengi hawatofautiki tena na jirani zao. Pengine huo ndio ushindi wa pekee ambao wazee wao waliutaka: kuwa na wajukuu ambao hakuna anayewauliza walitoka wapi.